Kadi ya grafiki ya nje haikupi fremu? Pima njia kabla ya kulaumu kadi

Wengi wanaonitafuta kuhusu kadi ya grafiki ya nje wanakuja na malalamiko yaleyale: nimenunua kadi nzuri, nimenunua kasha la kuiwekea nje, nimechomeka kwenye laptopu, mbona gemu inakwamakwama? Na karibu wote wameshaamua kwamba mkosaji ni kadi. Wapo ambao wameshaipiga picha tayari kuitangaza iuzwe. Nawaomba wasubiri kwanza. Katika mashine nilizozishika, kadi ndiyo inayokuja kuwa na kosa mwisho kabisa. Shida hukaa kwenye njia ambayo data inapita kati ya laptopu na kadi, kwenye skrini unayotazamia, au kwenye prosesa ambayo haipati umeme wa kutosha kufanya kazi yake.

Nieleze kwa mashine moja ninayoikumbuka vizuri, kwa sababu ilikuwa na karibu kila tatizo ninalotaka kulisema. Kijana mmoja hapa Dar aliniletea laptopu nyembamba yenye Core i7-8550U na tundu la Thunderbolt 3, lile la kasi lenye alama ya radi. Kadi yake ilikuwa RTX 3060 ya GB 12, imekaa ndani ya kasha la Razer Core X. Aliponifikia alikuwa amekata tamaa. "Kaka, nimepigwa. Hii kadi ilichimbiwa sarafu za kidijitali mpaka ikafa." Nikamwambia, mdogo wangu, kadi iliyokufa haikai na nyuzi joto 50 huku gemu inacheza. Hiyo ni kadi inayosubiri kazi, na kazi haifiki.

Hapo ndipo pa kuanzia. Fungua Task Manager, ukurasa wa Performance, uiangalie GPU, yaani kadi ya grafiki, wakati gemu inaendelea. Kadi yenye shida ya nguvu utaikuta kwenye asilimia 95 na kuendelea. Kadi inayosubiri utaikuta kwenye 40 au 50, inapanda na kushuka. Kisha shusha ukubwa wa picha ndani ya gemu, kutoka 1080p hadi 720p. Fremu, yaani picha zinazochorwa kila sekunde, zisipoongezeka, umeshapata jibu la kwanza: kadi siyo kikwazo, na hata ukinunua yenye bei mara mbili utabaki palepale. Mwenye Shadow of the Tomb Raider atumie kipimo kilichomo ndani ya gemu yenyewe, maana mwishoni huandika asilimia ya muda ambao kadi ndiyo iliyokuwa ikirudisha nyuma. Ukiona namba ndogo hapo, achana na kadi.

Jambo la pili ni skrini, na hili watu hawaliamini mpaka waone. Ukichezea kwenye skrini ya laptopu yenyewe, kadi ikimaliza kuchora fremu inabidi iirudishe kwa kebo ileile mpaka kwenye laptopu ndipo uione. Piga hesabu: fremu moja ya 1080p ina nukta 1920 mara 1080, kila nukta baiti 4, jumla zaidi kidogo ya megabaiti 8. Kwa fremu 60 kila sekunde hiyo ni karibu megabaiti 500, na kwa fremu 120 ni karibu gigabaiti nzima, kila sekunde, inanakiliwa na kusafirishwa kurudi ilikotoka. Ukitumia skrini ya nje iliyochomekwa kwenye kadi yenyewe, mzigo huo wote unaondoka. Nasema kwenye kadi yenyewe kwa makusudi. Nimekuta watu wana monita nzuri kabisa lakini waya wa HDMI wameuchomeka ubavuni mwa laptopu, kwa hiyo picha bado inapita njia ndefu ileile. Huyu kijana ndivyo alivyokuwa ameunganisha. Tulipohamisha waya ule mmoja tu, gemu ikabadilika mbele ya macho yake.

Ukishahamisha, nenda kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya Display kisha Graphics, uitafute gemu yako kwenye orodha na uichagulie High performance. Bila hivyo kuna gemu zinazong'ang'ania grafiki ndogo ya Intel iliyomo kwenye prosesa. Na kama laptopu ina kadi yake nyingine ya ndani, kama MX150, izime kwenye Device Manager wakati unatumia ya nje. Mara nyingi hiyo pia ndiyo dawa ya ile Error 12 inayosema hakuna rasilimali za kutosha.

Sasa njia yenyewe. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo pesa za watu zinapopotelea.

Kadi ikiwa ndani ya kompyuta ya mezani inapata njia 16 za PCIe, zile barabara za data kati ya kadi na kompyuta. Kwa PCIe 3.0 hizo ni karibu gigabaiti 16 kwa sekunde. Thunderbolt 3 inaandikwa gigabiti 40, na watu wanadhani zote 40 ni za kadi. Siyo. Sehemu ya PCIe ni njia 4, na kinachobaki kwa data ya kadi baada ya makato yote ni kama gigabiti 22, sawa na gigabaiti 2.7 hivi. Kwa hiyo hata kila kitu kikiwa sawasawa, utapoteza kiasi fulani ukilinganisha na mezani, na hakuna draiva wala ujanja utakaokurudishia. Halafu zipo laptopu ambazo kiwandani zilipewa njia 2 tu nyuma ya tundu lile: Dell XPS 13 ya toleo la 9360 na XPS 15 za 9550 na 9560 ni mifano inayojulikana. Tundu lina alama ya radi, kebo inaingia, kila kitu kinawaka, lakini njia ni nusu. Thunderbolt 4, iliyotoka mwaka 2020, ilifuta mchezo huo kwa kulazimisha gigabiti 32 za PCIe kwa kila mtengenezaji.

Usikisie, pima. Kwa kadi za NVIDIA kuna programu ndogo ya bure inayoitwa CUDA-Z. Fungua ukurasa wa Performance, soma mstari wa Host to Device ulioandikwa Pinned. Ukikuta kama gigabaiti 2.5 kwa sekunde, Thunderbolt 3 yako ni nzima. Ukikuta kama 1.5, ama laptopu ni ya njia 2, ama kebo inakuangusha. Na usitishike GPU-Z, programu nyingine ya kusoma taarifa za kadi, ikikuandikia "x4 1.1". Kwenye Thunderbolt maandishi hayo mara nyingi hayasemi kasi halisi, kwa hiyo amini kipimo.

Kebo ya yule kijana ilikuwa ya mita mbili, laini, nzuri kuitazama, kaichukua dukani kwa sababu ile fupi iliyokuja na kasha haikufika mezani. Thunderbolt 3 kwa kebo ya kawaida isiyo na vikuza mawimbi ndani yake inashikilia gigabiti 40 kwenye urefu wa nusu mita hivi. Ukirefusha, inashuka hadi 20. Zipo ndefu zinazofikisha 40, lakini zina saketi ndani ya vichwa vyake na bei yake si ya mchezo. Tuliirudisha ile fupi, tukasogeza kasha karibu na laptopu, CUDA-Z ikapanda hapohapo. Kama kasha lako lina matundu ya USB na mtandao nyuma yake, chomoa vilivyomo kisha upime tena, kwa sababu kwenye makasha mengi vinagawana njia na kadi. Diski ya nje yenye gemu ichomeke upande mwingine wa laptopu.

Baada ya njia, prosesa. Na hapa nina neno kwa wenzangu wa pwani. Chumba kikiwa na nyuzi joto 32 na feni ya dari ndiyo hiyohiyo, laptopu nyembamba haina pa kuutupia moto wake. Hiyo i7-8550U imetengenezwa kwa wati 15. Inaruka hadi GHz 4.0 kwa muda mfupi, dakika chache za mwanzo gemu inateleza vizuri, kisha inashuka. Ndiyo maana wengi wanasema "inaanza vizuri halafu inaharibika". Itazame spidi kwenye Task Manager ukicheza. Ikishuka chini ya GHz 1.8, ambayo ndiyo kasi yake ya msingi, moto umezidi: fungua, toa vumbi, badilisha dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa (thermal paste), inua laptopu ipate hewa chini. Ikiganda karibu na 0.8, mara nyingi ni umeme, siyo joto. Laptopu imeona chaja haitoshi ikajifunga breki.

Hilo la chaja lina maelezo yake. Kasha linaichaji laptopu kwa kebo ileile ya data. Razer Core X inatoa hadi wati 100, lakini yapo makasha yanayotoa 60 au chini ya hapo. Kama laptopu yako ilikuja na chaja ya wati 130, kasha halitaishibisha. Chomeka chaja yake ya asili pia, na uone kama fremu zinatulia.

Usidanganywe na asilimia ya jumla ya prosesa. Yenye nyuzi 8 za kazi (threads) ikionyesha asilimia 30 unaweza kudhani imelala, kumbe uzi mmoja umejaa kabisa na gemu nzima inausubiri huo. Bofya grafu kwa kitufe cha kulia, chagua ioneshe kila uzi peke yake.

Draiva, programu zinazoiendesha kadi, nitazipita haraka. Kama kadi ilibadilishwa kutoka AMD kwenda NVIDIA au kinyume chake, ondoa za zamani kwa Display Driver Uninstaller ukiwa Safe Mode, weka mpya, basi. Sasisha BIOS na programu ya ndani ya Thunderbolt kutoka kwa mtengenezaji wa laptopu, chaja ikiwa imechomekwa, na siyo siku ambayo umeme unakatikakatika.

Kwenye mipangilio ya gemu, kanuni ya kompyuta ya mezani inageuka. Vitu vinavyofanyika ndani ya kadi peke yake, kama ukubwa wa picha na ulainishaji wa kingo, unaweza kuvipandisha bila kulipia sana. Ukitoka 1080p kwenda 1440p mara nyingi fremu zinapungua kidogo tu. Punguza msongamano wa watu na magari mitaani, umbali wa kuona na umbali wa vivuli, maana hivyo vinaikamua prosesa. Ubora wa maumbo ya juu, zile textures, uchunge usizidi kumbukumbu ya kadi. Kadi ya GB 8 ikijaa inaanza kuazima kwenye ramu ya laptopu kupitia njia ile nyembamba, na hapo ndipo gemu inasimama nusu sekunde kila ukikata kona. Halafu funga fremu kwenye 60. Sitini zilizotulia zinachezeka kuliko 90 zinazoruka hadi 35.

Yule kijana anacheza kwa 1440p sasa, kadi ni ileile. Lakini akiniuliza kuhusu gemu za risasi kama CS2 au Valorant kwa fremu 240, namwambia ukweli kwamba kwa prosesa ile hatazipata, hata akiweka kadi ya aina gani.

Anayetaka kununua laptopu kwa ajili ya kazi hii aulize tundu kabla ya kuuliza prosesa. Thunderbolt 4 ndiyo kianzio changu. USB4 iulizie kwa makini, kwa sababu kupitisha PCIe ndani yake ni hiari ya mtengenezaji, na umbo la tundu halikuambii lolote. Laptopu za Apple zenye chipu ya M hazikubali kadi ya nje kwa gemu, usipoteze nauli. Ukipata yenye OCuLink, tundu linalotoa PCIe moja kwa moja, hiyo ndiyo njia safi zaidi kwa bei ya kawaida: njia 4 za PCIe 4.0, karibu gigabiti 64 bila makato ya Thunderbolt. Sharti lake ni moja, zima laptopu kabisa kabla ya kuchomeka au kuchomoa.