Bastola ya kibali na watoto ndani, iwekwe wapi

Yakhe, umeuliza uiweke wapi bastola yako ya kibali, wageni wasiione na wanao wa miaka minne na saba wasiifikie. Juu ya kabati na chini ya godoro futa kabisa. Mtoto hana pahala asipopajua wallahi, sie kwetu kulikuwa na sanduku la njumu la bibi lina droo za siri, mie sijaanza hata skuli nishazifungua zote natafuta halua.

Nunua sefu ndogo ya chuma ya kubonyeza namba, ifunge kwa boliti ndani ya kabati la nguo nyuma ya makanzu, manake sefu isofungwa mwizi anaibeba nzima nzima akaifungulie kwake. Na kama nyumba yenyewe ya Mji Mkongwe angalia sana, ukuta wa mawe na chokaa unamomonyoka, boliti fupi inatoka na kipande cha ukuta, bora uifunge kwenye sakafu ya saruji. Namba isiwe mwaka aliozaliwa mtoto, na ule ufunguo wa dharura wa sefu usiutie kwenye mtungo mmoja na wa mlango.

Bastola itoe risasi, risasi ziweke kwengine na kufuli lake. Hewa yetu ya bahari chuma hakichelewi kutu, basi ifute kwa kitambaa chenye mafuta na utie vile vipakti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, ila usiilaze ndani ya ala ya ngozi. Na ukibonyeza namba watoto wawe nje.