Mpira wa baiskeli haufungi valvu: yaliyonikuta harusini Morogoro

Juzi kijana mmoja wa Mwanza kaniandikia: "Shikamoo fundi. Nimenunua amplifaya ya gitaa ya valvu, iliyotumika. Valvu kubwa zinacheza kwenye soketi. Jirani anasema nizifunge na mpira. Vile vibanio vyake vinapatikana wapi?"

Nilipofika kwenye neno "mpira" nikaweka simu mezani, nikaenda kubandika chai. Kuna watu mji huu wakiniona tu hujifanya wanasikia harufu ya tairi.

Nieleze. Valvu ninayoisema si ya tairi, ni ile chupa ya kioo inayokuza sauti ndani ya amplifaya. Nina amplifaya ya gitaa, Fender Twin Reverb ya miaka ya 70, mzigo wa karibu kilo 30 ambao mgongo wangu unaujua vizuri kuliko mke wangu anavyonijua mimi. Amplifaya hizi zilianza kutoka 1963, na wewe mpiga gitaa unayesoma hapa najua unaitamani, usijifanye. Ina spika mbili za inchi 12, na juu yake chesisi, yaani sanduku la bati lenye mitambo, ambayo valvu zake zinaning'inia kichwa chini kama popo. Valvu nne kubwa za aina ya 6L6 na sita ndogo. Sasa piga picha: kitu cha kioo kinachoning'inia, chini yake spika zinatikisa sanduku zima saa sita mfululizo, halafu asubuhi mzigo unarushwa ndani ya Hiace. Kiwandani walilijua hilo. Ndiyo maana kila 6L6 ilikuwa na kibanio chake, taya mbili za bati lenye springi na meno madogo, zinauma kitako cheusi cha valvu.

Yangu nilipoinunua haikuwa na hata kimoja. Fundi fulani kabla yangu aliving'oa na hakuvirudisha. Nikasema si neno. Nikachukua mpira wa ndani wa baiskeli, nikakata vipande, nikavizungusha kwenye vitako na kuvikaza kwenye skrubu za soketi. Vilikaza vizuri ajabu. Nikapiga picha, nikamtumia kila mtu.

Harusi ilikuwa Morogoro. Saa nne usiku tuko kwenye sebene, watu wamejaa uwanjani, bibi harusi ameshavua viatu. Kwanza ikaja harufu. MC akachukua kipaza sauti: "Jamani, nani kaacha gari lake na breki zimeshika huko nje?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Kisha gitaa langu likaanza kukoroma, nikageuka, na kupitia upande wa nyuma nikaona valvu moja imeinama huku bamba la ndani limeiva jekundu kama kaa la mkaa. Puu. Fyuzi.

Kilichotokea ni hiki. Mpira ulipopata joto ulilainika, valvu ikateleza nusu. Pini ya 5 ya 6L6 ndiyo inayopokea volti hasi ya kuizuia valvu isipitishe umeme kupita kiasi. Pini hiyo ikipoteza mguso huku nyingine zimeshika, valvu haina breki tena. Inakunywa umeme mpaka inajichoma, na yangu iliondoka na rizista ya ohm 470 iliyo kwenye soketi yake. Kioo cha valvu hizi kinaweza kupita nyuzi 200 za Selsiasi. Mpira gani unavumilia hapo? Gundi, selotepu, kamba ya plastiki, vyote ni ndugu mmoja.

Kiongozi wa bendi alinisubiri nikiwa nimepiga magoti na tochi mdomoni, mbele ya mama mzazi wa bibi harusi, akauliza: "Wewe ni mpiga gitaa au mchoma tairi?" Nikakatwa nusu ya malipo. Pesa nilishaisahau. Swali lile bado.

Basi, kijana wa Mwanza, kuhusu kuvipata. Mimi nilianzia mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kwenye vyuma chakavu. Nilizunguka siku tatu, nikapata viwili kwenye mzoga wa amplifaya ya zamani ya ukumbi wa sinema, kimoja kikiwa kimechoka springi. Mtoto wa mjomba aliyeko Leicester akaniagizia vinne huko, vikaja na mgeni ndani ya soksi. Na havikuingia! Nilikuwa nimemwambia "vya valvu kubwa" basi, kumbe vitako vina vipenyo tofauti. Kuna 6L6 zenye kitako chembamba na zenye kitako kipana, na EL34, aina nyingine ya valvu kubwa, nayo ina vyake. Chukua kalipa, kile kipimo cha kubana cha mafundi, pima kitako cha valvu uliyonayo mkononi. Usipime kwa macho. Nimesema usipime kwa macho.

Kufunga kwenyewe si kazi kubwa. Chomoa waya ukutani, lakini usiamini hapo hapo: kapasita za ndani, zile zinazotunza umeme, zinaweza kubaki na zaidi ya volti 400, na hazikujui. Zitoe chaji kupitia rizista, kisha hakikisha kwa mita kabla hujaingiza kidole. Kibanio kinakaa chini ya skrubu zilezile mbili za soketi ya pini nane, ambazo umbali wake ni kama milimita 38, kwa hiyo huna haja ya kutoboa. Ukilazimika kutoboa, ziba kila kitu na ufute chenga zote za chuma, maana chenga moja kati ya pini mbili itakupigia fyuzi siku ya shughuli. Weka nati zenye meno, mtikisiko hulegeza nati za kawaida. Kisha geuza taya upande ambao vidole vyako vitafika, la sivyo utailaani kazi yako mwenyewe.

Na kabla ya yote, kaza soketi. Kibanio kinazuia valvu isianguke, hakitibu mguso uliolegea. Kwa ncha ya sindano nene, binya vile vibati vya ndani ya kila tundu virudi kukumbatia pini. Vijana wengi wanaruka hatua hii kwa sababu haionekani kwenye picha. Mnapenda picha sana. Nilikuwa hivyo hivyo.

Valvu ndogo zina kofia ya bati yenye springi ndani. Mwenye amplifaya ya Vox AC30, yenye valvu za EL84, atafute vibanio vya springi mbili na kibati kinachovaa ncha ya kioo.

Mwezi uliopita kiongozi yule yule wa bendi alinipigia. Valvu za amplifaya yake zinalegea, eti kaka nisaidie, wewe ndiye unayezijua. Nikamwambia alete. Nilimfungia vibanio vinne, nikajaribu kwa saa mbili kwa sauti kubwa, nikamwandikia risiti. Bei kamili, bila punguzo, na kwenye mstari wa mwisho nikaandika: mpira haukutumika.