Parachuti haiokoi hela yako

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza parachuti za dharura za droni. Nadhani kuna muuzaji amepokea kontena. Nimechagua chache; swali la msomaji linatangulia, jibu langu linafuata. Wanaouliza "droni gani nzuri kwa anayeanza" wasinitafute. Nimeshajibu mara tatu mwaka huu na jibu halijabadilika.

Fundi, napiga picha za harusi Mwanza kwa droni ya Mavic 3. Wateja wanataka droni ipite juu ya wageni wakicheza. Nikifunga parachuti si nitakuwa salama?

Hapana, na usome sababu kabla hujaenda kumuuliza mwingine atakayekuambia ndiyo.

Harusini unarusha kimo gani? Mita nane, kumi, labda kumi na tano ukitaka ukumbi wote uingie kwenye picha. Kitu kikidondoka kutoka mita 10 kinafika chini kwa sekunde moja na nusu hivi, kasi yake ikiwa mita 14 kwa sekunde. Katika muda huo kifaa kinatakiwa kigundue kuwa droni inaanguka, kizime mota ili kamba zisinaswe na mapanga ya droni yanayozunguka, kifyatue parachuti, na nguo ijae hewa. Mtengenezaji makini huandika kimo cha chini kabisa ambacho parachuti yake inafanya kazi. Ukiruka chini ya hapo umebeba mzigo tu, na mzigo unaongeza uzito wa kitakachomwangukia mtu.

Sasa piga hesabu. Mavic 3 ina gramu 895. Kwa kasi hiyo inatua na nishati ya jouli 88 hivi. Marekani walipoandika sheria ya kurusha droni juu ya watu, iliyoanza kutumika 2021, daraja la pili la droni waliliwekea kipimo cha madhara yasiyozidi pigo la jouli 15 hivi. Shangazi wa bwana harusi hajavaa helmeti.

Na usiniambie wewe ni mzoefu. Tarehe 22 Desemba 2015, huko Madonna di Campiglio, Italia, droni ya kamera ilidondoka nyuma kidogo tu ya Marcel Hirscher, mwanamichezo wa Austria, akiwa katikati ya mbio za kuteleza kwenye theluji, mbele ya televisheni. Aliyeirusha hakuwa mpwa wa mtu aliyeazimwa rimoti. Wewe simama pembeni ya uwanja, ipandishe droni pembeni hukohuko, inamisha kamera. Bibi harusi hataona tofauti, na mteja anayeng'ang'ania mwambie atafute mwingine.

Nina droni ya Mini ya gramu 249. Nifunge parachuti?

Ukiongeza gramu mbili tu umeshavuka 250, na hiyo 249 ndiyo uliyoilipia. Halafu mjue kuwa gramu 250 ni mpaka wa Marekani na Ulaya, ambako droni iliyo chini ya hapo ina masharti mepesi zaidi. Tanzania kaulize TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kabla hujarusha. Kenya ina kanuni zake za mwaka 2020 na KCAA, mamlaka ya anga ya huko, ndio wenye kibali. Maandishi kwenye boksi si kibali.

Bei ya parachuti inakaribia bei ya droni yangu. Inalipa?

Umeshajijibu.

Nimeshona parachuti mwenyewe kwa nguo ya mwavuli wa mvua. Inafunguka kwa swichi ya rimoti. Unaonaje, mzee?

Nguo yenyewe si mbaya. Droni ya kilo moja ili ishuke kwa mita 4 kwa sekunde inahitaji nguo yenye upana wa mita moja na kitu, kwa hiyo mwavuli wa kawaida unakaribia. Kwa kasi hiyo inatua na jouli nane tu. Hapo nakupa heko.

Tatizo ni swichi. Unategemea macho yako yaone, kichwa kikubali kwamba kweli inaanguka (kichwa huwa hakikubali haraka), ndipo kidole kitafute swichi. Na betri ikizimika angani, kipokezi cha rimoti nacho kimezimika, swichi yako haizungumzi na mtu. Parachuti ya maana ina betri yake, ina vihisi vyake, na inakata umeme wa mota kabla ya kufunguka. Yako ikifunguka mapanga yakiwa yanazunguka, utakuwa umetengeneza mashine ya kusokota kamba.

Jaribu kwanza kwa mfuko wa mchanga wenye uzito uleule, mahali pasipo na watu. Usijaribu uwanja wa shule siku ya Jumamosi ukisema hakuna mtu. Siku zote kuna watoto.

Narusha baharini Nungwi. Parachuti itaniokolea droni ikizima?

Itakuletea droni polepole hadi majini, basi. Ukiwa mita 100 juu na parachuti inashuka mita 4 kwa sekunde, inachukua sekunde 25. Upepo wa kusi ukivuma mita 6 kwa sekunde, itatua mita 150 kutoka hapo ulipoiona ikizima. Ukiikuta imeelea kwenye nguo yake shukuru, lakini maji ya chumvi yameshaingia.

Wengi wanaopoteza droni baharini wala hazikuharibika. Waliondoka na upepo mgongoni, wakageuza betri ikiwa asilimia 30, wakakuta upepo usoni. Anza kwenda upande upepo unakotoka, rudi nao. Ushauri huu ni bure na hakuna duka linalouuza.

Lakini parachuti zenyewe zinafanya kazi kweli?

Nyingi, ndiyo. Sasa sikiliza ya Zurich. Posta ya Uswisi ilikuwa ikisafirisha sampuli za maabara kwa droni za kampuni ya Matternet, mashine za kilo kumi hivi. Januari 2019 moja ilipata hitilafu, parachuti ikafunguka vizuri, ikashuka taratibu ndani ya ziwa. Hakuna aliyeumia. Mei mwaka huohuo nyingine ilipata hitilafu, parachuti ikafyatuka kama inavyotakiwa, kisha kamba ikakatika. Droni ikaanguka karibu na mahali watoto walipokuwa wakicheza. Baada ya hapo ikaamuliwa kamba ziwe mbili na ziimarishwe.

Hao ni watu wenye wahandisi na wakaguzi. Kamba ya parachuti yako uliikagua lini mara ya mwisho?

Zipline, wale wanaopeleka damu na dawa kwa droni Rwanda, mbona wanatumia parachuti na hakuna anayewasema?

Kwa sababu ni kazi nyingine kabisa. Tangu 2016 pale Muhanga parachuti ya karatasi inashusha boksi la damu au dawa. Ndege haitui hospitalini. Ndege yenyewe ina parachuti yake ya dharura, ni kweli, lakini ni ndege ya mabawa, inapita juu ya vilima kwa njia iliyokubaliwa na mamlaka ya anga, na inaangaliwa kila inaporudi. Wewe uliiangalia lini? Panga lenye ufa ninalitupa, la kwangu na la mteja. Betri iliyovimba naitupa pia. Vitu hivyo viwili, na betri isiyobanwa ikaachia, vimeangusha droni nyingi nilizoletewa, na parachuti haizuii hata kimoja.

Basi nani anunue?

Mwenye droni nzito, ya kilo nne, sita, kumi, anayepima barabara au mabomba kwa kimo cha mita 50 na kuendelea, ana kibali, na hawezi kuepuka watu kupita chini. Juni 2019 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, iliruhusu kampuni ya ujenzi kurusha droni ya Phantom 4 juu ya watu kwa sababu ya parachuti iliyofaulu majaribio ya ASTM F3322, kiwango cha parachuti za droni. Kwa hiyo muulize muuzaji kama yake imefaulu kiwango hicho, kwa aina ya droni uliyonayo wewe, maana cheti cha parachuti moja hakihami kwenda droni nyingine. Kisha muulize nani ataikunja upya ikishafunguka, na kwa bei gani. Akianza kuangalia dari, funga pochi.