ZBC ya Unguja na ZBC ya Harare ni vituo viwili tofauti

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini ukitafuta ZBC kwenye simu zinakujia habari za Harare. Hiyo ni ZBC ya Zimbabwe. Yetu ni Shirika la Utangazaji Zanzibar, ile ambayo televisheni yake iliitwa TVZ (Televisheni Zanzibar), na haina uhusiano wowote nayo. Kwenye simu andika "ZBC Zanzibar" kwa ukamilifu.

ITV ni vivyo hivyo: ya Dar es Salaam imeanza 1994, ya Uingereza 1955, wenyewe mbalimbali. Jina la biashara hulindwa nchi kwa nchi, ndiyo maana yanagongana. NTV ndiyo inayochanganya watu zaidi, kwani ya Kenya na ya Uganda ni za kampuni moja, lakini ya Uturuki na ya Urusi kila moja ina wake.

Kwa dishi, usifuate jina hata kidogo. King'amuzi kinatafuta kwa namba: nyuzi za satelaiti (mahali ilipo angani), masafa, S/R (symbol rate, kasi ya kutuma data), na H au V (mawimbi ya ulalo au ya wima). Ukinakili masafa ya ITV ya Uingereza, hayo ni ya nyuzi 28.2 mashariki na mwali wake (mawimbi yanayoshuka kutoka satelaiti) umeelekezwa kwao, kwa hiyo hapa Unguja hata ukizungusha dishi mpaka jioni hupati kitu. Angalia nchi na tarehe ya orodha ya masafa kabla ya kuingiza namba. Zikitokea chaneli mbili za jina moja, fungua kila moja uangalie nembo na lugha, kisha ubadilishe jina kwenye menyu. Usifute kwa kukisia.