Re: Alternata ya gari haichaji betri

Mkuu, umeuliza kwa nini alternata ya gari (kile kifaa cha kuzalisha umeme) uliyofunga kwenye mapanga ya mtambo wako wa umeme wa upepo haichaji betri hata upepo ukiwa mzuri. Shida ni spidi, hiyo kitu inazungushwa na mkanda wa injini, inataka raundi zaidi ya 1000 kwa dakika na mapanga yako yanazunguka labda 200 au 300, halafu inakula kwanza umeme wa betri ili koili ya ndani (waya uliozungushwa) ipate usumaku. Tafuta mota ya sumaku za kudumu uitumie kama jenereta, hiyo haili umeme wa betri kupata usumaku, hata ile ya mashine ya kufulia isiyo na mkanda. Mnara nao upandishe bana, spidi ya upepo ikiongezeka mara mbili nguvu inapanda mara 8, pale juu ya bati upepo ni vurugu tu. Ila usije ukachomoa betri mapanga yakiwa yanazunguka, bila mzigo wa kuyazuia yanaongeza kasi mpaka yanapasuka.