Kwa nini baa za vijijini Uingereza zina vibao vya picha?

Umeuliza kwa nini baa za vijijini Uingereza hutundika picha za wanyama na miti. Zamani wengi hawakujua kusoma, basi picha ndiyo ilikuwa jina. Mwanzoni mama aliyepika pombe nyumbani alichomeka tu mlangoni ufito wenye kitita cha majani, watu wakajua imeiva. Mwaka 1393 Mfalme Richard wa Pili akalazimisha kibao, wakaguzi wa pombe wajue pa kwenda kuonja (kazi hiyo hata mimi ningeiomba!). Nembo yake ilikuwa kulungu mweupe, na hadi leo baa zinazoitwa White Hart (Kulungu Mweupe) ziko tele. Baa za Royal Oak (Mwaloni wa Kifalme) nazo zinamkumbuka Mfalme Charles wa Pili, aliyejificha juu ya mwaloni mwaka 1651 akiwakimbia askari wa Bunge, lililokuwa vitani naye.