Baki na Subaru, uza Mazda

Ndugu, umesema una Subaru Impreza WRX STI ya 2006 na Mazda RX-8 ya 2005, maegesho yako hapo Nairobi yanatosha gari moja tu, na moyo umegawanyika. Mimi ningeuza Mazda.

Si kwamba ni mbaya. Kwenye kona ni tamu kuliko Subaru, uzito wake umegawanywa karibu nusu kwa nusu mbele na nyuma. Shida ni ile injini ya rota ya lita 1.3, isiyo na pistoni za kupanda na kushuka bali rota zinazozunguka. Imeundwa kuchoma oili kidogo ili kulainisha sili zake, yaani vizibo vya kingo za rota, kwa hiyo dipstiki lazima uichungulie mara kwa mara. Tena ukiiwasha asubuhi kuisogeza tu getini, ukaizima ikiwa bado baridi, plagi zinaweza kulowa petroli ikagoma kuwaka. Kwa gari la kusogezwasogezwa kwenye ploti, hiyo ni kero. Na mafundi wanaoijua kweli ni wa kuhesabu.

STI nayo inakunywa petroli, tusidanganyane, lakini spea na mafundi wapo. Hakikisha tu mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Ukikatika, valvu zinagonga pistoni na injini inaharibika. Na ukishaiuza, hutaagiza nyingine ya umri huo Japani, maana Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8.

Kabla ya kuitangaza Mazda, ipimwe kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo ndani ya injini, kwa kipimo cha injini za rota, si kile cha kawaida. Mnunuzi anayejua ataomba majibu hayo kabla ya kutaja bei.